Herufi Tatu za Juu

4 Machi

Shemeji,

Sisi wazima, ukiacha mashine, ambayo inatetemeka kama mwenye homa. Nimeanza na mashine kwa sababu najua utaiulizia kabla hujaniulizia mimi, kwa hiyo nimekuokolea aibu.

Ni ileile ya Tai, ile tunayoiita Safu. Zile mbili nyingine za hapa chumba cha michezo zikifa nitasikitika kidogo halafu nitaweka meza ya soda mahali pake. Lakini Safu tangu Jumatatu picha yake inaruka. Vile vidude vya angani vikishuka safu kwa safu vinakatika katikati, vichwa upande huu na miguu upande ule, na wachezaji wanalalamika kwamba hawawezi kumlenga adui nusu. Nikiipiga kofi ubavuni inatulia dakika kumi. Nimeipiga mpaka kiganja kimekufa ganzi. Kuizima nifungue nyuma siwezi, na sababu unaijua, ila naiandika tena usije ukajisahaulisha. Mashine hii haina kumbukumbu. Ukiizima na kuiwasha, orodha ya washindi kumi inarudi tupu, na jina la mume wangu limo juu kabisa ya orodha hiyo tangu wiki aliyoondoka kuja huko kwako. T, A, I, na alama elfu arobaini na tisa na mia mbili. Miaka sita haijazimwa hata mara moja. Umeme ukikatika inakula zile betri mbili za gari ulizotufungia, na watu wanasema betri ya tatu ni mimi.

Sasa la pili, ambalo ndilo limenikalisha chini kuandika. Mwalimu wa hesabu wa shuleni kwa Nukta, yule aliyefiwa na mkewe, anataka kunioa. Hakuja na maneno mengi. Alikuja Jumamosi asubuhi nikiwa napiga deki, akanyanyua ndoo ya maji machafu, akaenda kuimwaga, akarudi akasema. Nilicheka. Kisha nikaingia stoo nikalia. Nina miaka thelathini na minane, shemeji, na tangu Tai aondoke hakuna mtu aliyewahi kunimwagia ndoo.

Sijamjibu, kwa sababu sijui mimi ni nani. Sijui kama ni mke, au mjane, au mwanamke aliyeachwa. Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona. Uliniandikia kwamba asubuhi moja alitoka kambini kwenu na begi lake na hakuaga. Nimeisoma barua ile mpaka mikunjo imetoboka. Leo nakuuliza kwa mara ya mwisho, na nakuuliza nikiwa nimekaa, sina kitu cha moto mkononi. Kuna kitu kingine unachokijua? Kama yuko na mwanamke, sema. Kama amekufa, sema. Nitalipokea lolote. Nisichokiweza tena ni huku kutojua.

Nukta hajambo. Ametimiza miaka kumi na mitatu na bado tunamwita Nukta ingawa sasa ananizidi urefu. Kila asubuhi anafuta vioo vya mashine kabla ya shule, na haongei. Shingo ni ya baba yake mtupu.

Shemeji yako,
Mama Nukta


17 Machi

Kwa shemeji mpole kuliko wote (uongo huu nimeuandika kwa mwandiko mzuri),

Acha kuipiga mashine. Haijakukosea. Kuna nyaya nne nyuma ya kioo ambazo zimelegea kwa kutikiswa, na wewe kwa makofi yako unazilegeza zaidi. Zitakazwa bila kuizima, ila fuata ninavyokwambia neno kwa neno, maana nyuma ya kile kioo kuna umeme wa kuua ng'ombe.

Vaa viatu vya mpira. Simama juu ya ubao mkavu. Mkono wa kushoto utie mfukoni na usiutoe mpaka umalize. Hizi si mbwembwe za mafundi. Ukishika kitu kibaya kwa mikono miwili umeme unapita kifuani kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na huko katikati ndiko uliko moyo. Ukishika kwa mmoja utaungua kidole tu. Kwa hiyo mkono mmoja mfukoni, mwingine ukaze ule waya wa njano na wenzake watatu kwa koleo lenye mpini wa mpira. Nukta akae mbali, mlangoni, tayari kuita watu.

Kuhusu mwalimu. Nimefurahi kwamba kuna mtu anayeona ndoo. Tai mwenyewe asingeiona hata ingekuwa inaungua, na hilo nalisema kama mdogo wake aliyelala naye chumba kimoja miaka kumi na minane.

Kuhusu ulichoniuliza. Sina jipya, shemeji. Alitoka asubuhi. Ninachokijua ndicho nilichokuandikia. Moyo wako ndio wenye uamuzi, lakini ningekuwa wewe ningesubiri kidogo, nikamwambia mwalimu asubiri kidogo, halafu tukaona. Handaki la maji limekwisha kuchimbwa na wengi wameondoka. Mimi nimebakizwa kulinda nyumba ya pampu. Kazi ni kukaa. Nimenenepa.

Msalimie Nukta. Mwambie baba yake mdogo anauliza kama bado anaogopa kuku.

Shemeji yako


30 Machi

Shemeji,

Gauni langu halina mfuko. Ilibidi nivae suruali ya Tai, ile ya kijivu, na Nukta mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu lini sijui. Nyaya zimekazwa, picha imetulia, na mimi sikufa. Asante.

Kwa majibu yako mengine sikushukuru. "Tusubiri kidogo tuone." Nimesubiri miaka sita na nimeona. Nimeona mashine. Nimeona watu wakija, wakicheza, wakijaza nafasi ya pili mpaka ya kumi kwa majina yao ya herufi tatutatu, wakifutana wao kwa wao, na hakuna hata mmoja aliyefika alama elfu arobaini. Nimeona kwamba kila asubuhi kitu cha kwanza ninachofanya, kabla sijanawa uso, ni kwenda kuhakikisha jina lipo. Huko si kuishi na mume, shemeji.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, nakupa taarifa. Nimemkubalia mwalimu. Hayo mengine ya kuwa mke au mjane tutakwenda kuyauliza kwa wanaojua sheria, yeye na mimi. Na mwisho wa mwezi wa nne, asubuhi, mbele ya Nukta, nitachomoa Safu kwenye umeme kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu hakuniambia niizime. Aliniambia hata ikikaa hapo milele haimsumbui. Inanisumbua mimi.

Juzi nilikaa mbele yake nikiwa naiaga. Nikakumbuka Tai alivyokuwa anacheza, Nukta akiwa juu ya kreti la soda pembeni yake, miaka saba, kidole mdomoni. Unakumbuka kile chombo chekundu kinachopita juu ya safu zote, ambacho sisi tulikiita bi harusi kwa kuwa hapiti kila siku na akipita wote wanatazama? Wengine walikuwa wanampiga kwa kubahatisha wakipata alama hamsini, au mia. Tai kila alipompiga alipata mia tatu. Kila mara. Alikuwa anahesabu kitu, midomo inacheza bila sauti, risasi kwa risasi. Nilimwuliza siri yake ni nini. Akasema ataniambia tukizeeka.

Basi sisi hatuzeeki pamoja. Nimeliandika hilo na sikulifuta.

Mama Nukta


27 Aprili

Shemeji, shemeji, shemeji,

Amerudi.

Ngoja niandike kwa mpangilio, maana nikiandika nilivyo sasa hutasoma kitu. Jana ilikuwa Jumapili. Nukta alitangulia kufungua kama kawaida yake, mimi nikafika saa mbili. Nikaenda kuitazama mashine. Juu ya orodha kuna TAI. Chini yake kuna TAI. Wawili. Wa chini ni wetu, elfu arobaini na tisa na mia mbili. Wa juu ana elfu hamsini na moja na mia tatu hamsini.

Funguo zilinidondoka. Nilitoka mpaka katikati ya barabara nikatazama huku na huku kama mwehu. Nukta anasema alitoka kwenda kuchota maji na akaacha mlango wazi, akakuta foleni, akakaa. Hakumwona mtu. Lakini nani mwingine, shemeji? Jina mtu yeyote anaweza kuliandika, hilo najua, sijapoteza akili. Alama ndizo haziandikwi. Hizo hazipatikani bila ile hesabu ya bi harusi, na hesabu ile hakuna anayeijua duniani ila yeye. Hata wewe hakukwambia.

Alikuja kuiona mashine kwanza kabla ya kuniona mimi. Ndivyo alivyo. Ana aibu, atakuwa amekaa mahali anajipa moyo. Alikuta nimemtunzia jina lake, unafikiri alijisikiaje? Miaka sita, akalikuta. Akaweka jingine juu yake kunijibu. Kwa mtu asiyejua kuandika barua, hiyo ni barua.

Mwalimu nimemwambia jana ileile. Nilimwambia vibaya, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kukaa mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema alikuwa ameukataa uhamisho wa kwenda shule ya mbali kwa ajili yangu na sasa ataukubali. Nikamwambia aukubali. Nilimwambia pia kwamba alikuwa anangoja kurithi kiti cha mtu aliye hai. Sikuwa na haja ya kusema hilo. Furaha ilinifanya niwe mbaya.

Kuanzia leo jioni nitakuwa nakwenda stendi kila basi la huko kwenu linapoingia, maana huenda amefikia mahali karibu anakwenda na kurudi. Nimemnunulia shati. Shemeji, kama alikuandikia kwamba anakuja na ukanificha ili anishtukize, nimekusameheni wote wawili.

Shemeji yako, mke wa kaka yako,
Mama Nukta


SIMU YA MAANDISHI, 9 MEI

SIYE. USIENDE STENDI. USIMWACHE MWALIMU AONDOKE. BARUA INAKUJA.


9 Mei

Shemeji,

Umesema ulikuwa umekaa, huna kitu cha moto mkononi. Naomba ukae tena.

Tai amekufa. Amekufa tangu mwezi wake wa tatu hapa, miaka karibu sita sasa. Nimemzika mimi. Yuko katika makaburi ya wafanyakazi, safu ya nne, la tisa ukihesabu kutoka getini.

Nitakwambia ilivyokuwa kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayekwambia. Hapa mlangoni mwa handaki kuna ubao, upo mpaka leo ingawa hakuna anayeshuka tena. Una pande mbili, juu na chini, na kila mtu ana kibati chake chenye nambari. Ukishuka unakitundika upande wa chini. Ukipanda unakirudisha. Changu ni thelathini na moja, chake kilikuwa arobaini na nne. Mtu wa pampu huwa hamwulizi mtu. Anatazama ubao tu. Upande wa chini ukiwa mtupu anajua handaki halina watu, ndipo anapozima pampu asafishe chujio.

Sisi ndugu tulikuwa na mchezo wetu. Mmoja akichelewa kuamka, mwenzake anamtundikia kibati upande wa chini ili msimamizi asimwandike kwamba hayupo, halafu anarudi kulala. Tulifanya hivyo mara nyingi. Siku ile zamu ilikuwa yangu na Tai alikuwa na mapumziko. Nililala. Tulikuwa tumecheza karata na nilikuwa nimeshinda, nikalala na ushindi wangu. Nilipofika saa tatu wenzangu walikuwa wamepanda kunywa chai. Nikaona thelathini na moja imetundikwa peke yake upande wa chini. Nikacheka. Nikasema kaka yangu huyu hanitupi. Nikakitoa, nikakitia mfukoni, nikaenda kunywa chai na mimi.

Hakuwa amerudi kulala. Siku hiyo msimamizi alisimama palepale mlangoni, kwa hiyo Tai alishuka kweli, akafanya kazi yangu. Wenzake walipopanda alibaki amalizie kufunga waya wa taa. Mtu wa pampu akaja, akatazama ubao, hakuona kitu. Akazima. Maji yalihitaji dakika ishirini kujaa humo chini. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu hatua kama thelathini kutoka pale, na kibati kipo mfukoni, nakichezea kwa vidole.

Alitolewa siku ya tatu. Wakubwa wakasema habari ya msiba itapelekwa nyumbani na ndugu wa marehemu, ndiyo heshima. Ndugu wa marehemu ni mimi. Niliandika barua ile mara tisa. Kila nilipofika penye kibati kalamu ilisimama. Mara ya kumi nikaandika kwamba ametoka na begi lake. Nilijiambia ni ya kununua siku chache tu, nitakwambia ukizoea kidogo. Halafu ukaniandikia kwamba hutaizima mashine mpaka arudi, na baada ya hapo sikuweza. Kila barua yako ilipoanza na mashine nilishukuru, kwa sababu ya mashine nilikuwa na majibu.

Mwezi wa tatu uliniuliza waziwazi na ulikuwa na mtu mzuri mlangoni. Sentensi moja ingetosha. Nilikuandikia habari za nyaya.

Nani aliyeandika jina lile sijui. Ninachojua ni kwamba siye. Kibati bado ninacho. Wakati nakuelekeza utie mkono mmoja mfukoni, wangu ulikuwa mfukoni, umekishika.

Unisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Shemeji yako


24 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Ni mimi Nukta. Mama hajui kama nakuandikia. Mwandiko wangu usiuangalie sana.

Aliyeandika TAI ni mimi.

Huwa nacheza kila asubuhi. Mama anajua nafuta vioo, na ninavifuta, ila namaliza haraka. Nilianza nikiwa na miaka tisa. Sarafu natumia moja tu, nachukua humo ndani ya kisanduku nairudisha humohumo. Hesabu ya bi harusi baba hakunifundisha kwa kusema. Nilikuwa nakaa kwenye kreti namtazama midomo. Unahesabu risasi zako mpaka ishirini na mbili, ya ishirini na tatu unaitunza mpaka yeye apite. Baada ya hapo ni kila ya kumi na tano. Ukikosea hata moja hesabu yote imeharibika.

Nilisikia mama akimwambia mwalimu kwamba mwisho wa mwezi mashine itazimwa. Nikataka nimfikie baba kabla hajafutika. Sikutaka kumshinda. Nilitaka kufika tu. Ile Jumapili vile vidude vilibaki vichache, na vikibaki vichache ndipo vinapokwenda mbio, lakini niliendelea kuhesabu, na nilipotazama juu nilikuwa nimempita. Mashine ikaniuliza jina. Niliona vibaya baba akae chini yangu. Kwa hiyo nikaandika lake.

Mama alipoingia nikamwambia nilikwenda kuchota maji. Nilidhani atanipiga kwa kucheza. Lakini akatoka barabarani, na aliporudi alikuwa anacheka. Akaimba huku anapiga deki. Baba mdogo, sijawahi kumsikia mama akiimba, sikujua ana sauti. Alilipima lile shati mgongoni kwangu kwa sababu alisema baba ni mwembamba. Ningesema saa ngapi? Kila siku nilisema kesho. Mwalimu alihama nikasema kesho. Simu yako ilifika, mama akasema wewe una wivu, nikasema kesho.

Barua yako ilipofika aliisoma amesimama. Kisha akaikunja akasema, "Anaongopa. Aliyekufa hachezi." Akaanza kujiandaa kwenda stendi. Ndipo nikamwambia.

Hakunipiga. Alisema, "Cheza." Akavuta lile kreti akakaa pembeni yangu, mahali nilipokuwa nakaa mimi. Nikacheza. Hakutazama kioo hata kidogo, alinitazama mimi midomo. Bi harusi alipita, nikampiga, mia tatu. Akapita tena, mia tatu. Mara ya tatu mama akasema, "Basi," lakini mimi sikuweza kuacha, nilikuwa nahesabu. Niliendelea mpaka nikafa mwenyewe. Nilipata elfu arobaini na moja, nafasi ya tatu. Mashine ikauliza jina. Mama akasema, "Safari hii weka lako."

Nikaweka NUK, kwa sababu haichukui zaidi ya tatu.

Tulikaa tukaitazama. Kisha mama akavaa ile suruali ya kijivu, akatenganisha betri kwanza, halafu akaenda ukutani akachomoa waya. Kioo kilibaki na kidoti cheupe katikati, kikawa kinapungua, kikaisha. Mama alisema kitu kimoja tu, kwamba kuna ukimya. Ni kweli. Hatukuwa tunajua kama inavuma.

Naomba uniambie kama nimeua kitu. Mama hasemi.

Nukta


9 Juni

Shemeji,

Nimeikuta barua ya Nukta kwako kabla hajaipeleka posta. Niliisoma, nikaifunga tena, nikaipeleka mwenyewe. Usimjibu kwamba hajaua kitu. Nimemwambia mimi, na nimemwambia mara nyingi, lakini ana miaka kumi na mitatu na anaona ninavyokaa. Anajua kuhesabu.

Ulisema nikusamehe nikiweza. Nimejaribu kulipima hilo kama mtu anavyopima kitambaa, na nakuandikia nilipofika. Kibati nakusamehe. Ulikuwa unacheka na ulikuwa unampenda, na mwenye kosa siku hiyo ni usingizi. Miaka sita pia, nadhani, siku moja nitaisamehe, maana woga naujua. Na mimi niliogopa kuchomoa waya.

Siku ishirini na tatu siziwezi. Siku ishirini na tatu nilikuwa na mume. Nilisimama stendi nimevaa vizuri. Dereva wa basi la saa kumi akawa ananifahamu, akawa anatikisa kichwa kutoka mbali ili nisijisumbue kusogea. Nilirudi nyumbani kila siku na hamu ya kula. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata Tai alipokuwepo, kwa sababu alipokuwepo sikujua kama anaweza kutokuwepo. Sentensi yako moja ya mwezi wa tatu ingenizuia nisiingie kwenye furaha ile. Sasa nimeshaingia, nimeona ilivyo humo ndani, na nimetolewa. Nalia kwa ajili ya siku hizo kuliko ninavyomlilia yeye, na hilo linanitia aibu mbele ya mtoto.

Mwalimu nilimwandikia. Alinijibu kwa adabu, karatasi nusu. Alinitakia heri. Chini aliandika kwamba hakuwahi kutaka kiti cha mtu. Hataandika tena na sitamwandikia.

Chumba cha michezo nimekifunga. Safu imesimama pale na kitambaa juu. Juzi mtu alikuja akataka kuinunua akaomba aiwashe aone kama ni nzima. Nilimwambia ajaribu. Ikawaka vizuri, picha haitetemeki, nyaya zako zimeshika. Orodha ilikuwa ya nukta nukta na sifuri, mistari kumi. Nilimwomba aizime akaondoka. Nukta hasogei karibu yake. Akifuta vioo vya nyumbani sasa anafuta kweli.

Nguvu za kuja huko kulitafuta kaburi la tisa sina mwaka huu. Labda mwakani, labda nitakuja naye. Usiniandikie mpaka nikuandikie mimi.

Ila nina ombi moja, na ni la mwisho. Ulisema kibati unacho, na ulisema ubao bado upo hapo mlangoni ingawa hakuna anayeshuka. Usinitumie mimi kibati hicho. Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, kitoe mfukoni ukakitundike pale alipokuwa amekitundika, upande wa chini. Kisha usikiguse tena.

Mama Nukta